Bwana Zweder Ang'oa Sepetu

Bwana Zweder wa Rietmeer alizaliwa mtukufu na akafa mtukufu, na hapo katikati alikuwa mtu wa kawaida kama mimi na wewe, ila hakuna aliyethubutu kumwambia. Mimi Bate nilimpikia tangu nikiwa msichana hadi nikaota mvi. Nilimkamulia ng'ombe, nikamtengenezea jibini, nikamwona akiwa na homa na akiwa na bia kichwani. Kwa hiyo mtu asije akanisimulia habari za ukoo wake. Babu yake alipewa ile nyumba ya matofali na mtawala wa Uholanzi kwa kumshikia farasi vizuri siku ya vita, na tangu hapo kila mwanamume wa Rietmeer huzaliwa pua ikiwa juu. Yeye mwenyewe alikwenda vitani mara moja, ujanani. Alitoka na upanga, ngao, na kuku wawili wa kuchoma niliowafunga kwa mikono yangu, akarudi na mafua. Adui hakumwona. Kuku, alisema, walikuwa wazuri.

Ugonjwa wake ulikuwa ardhi. Sisemi alikuwa na ardhi nyingi. Nasema alikuwa na vipande vingi. Ng'ambo ya mto alikuwa na nusu ya kinu cha upepo, nusu nyingine ikiwa ya binamu yake Herbaren, na hawakuwahi kukubaliana ni nani mwenye nusu yenye mapanga. Alikuwa na haki ya kuvua mikunga katika mfereji mmoja, kutoka darajani hadi kwenye kisiki. Alikuwa na haki ya bata maji weupe wote wa ziwa letu, nao walikuwa wawili, tena wakali. Na alikuwa na haki ya kunyonga watu. Hiyo aliipenda sana. Mti wa kunyongea ulisimama njia panda, mbao nene za mwaloni, na katika maisha yangu yote hakuna aliyenyongwa pale. Korongo walijenga kiota juu yake, na mimi nilianika vitambaa vyangu vya jibini chini, maana pale upepo ni mzuri.

Mgeni akija, kabla hajamiminiwa hata bia, Bwana alimtajia vyote hivyo kwa vidole. Mkewe, Bibi Heilwich, alikuwa akishona pembeni, akimsahihisha bila kuinua kichwa.

"Kisiki kilishaoza, mume wangu. Haki yako sasa inaishia popote mikunga wanapotaka."

Lakini vyote hivyo vilikuwa vya kujisifia tu. Kilichokuwa moyoni mwake ni malisho ya mbele ya nyumba. Yalikuwa tambarare, ya kijani mpaka macho yanauma, na udongo wake mzito ulishika maji wakati wa kiangazi. Bwana alikuwa akisimama dirishani asubuhi na kuyatazama kama wengine wanavyomtazama mtoto aliyelala. Ng'ombe akiparua nyasi kwa kwato, aligombezwa ng'ombe, kisha nikagombezwa mimi.

Nyumba, malisho na mashamba yetu ya shayiri vyote vilikuwa nyuma ya tuta, kama ilivyo kwa kila mtu wa kwetu. Mto uko juu, sisi tuko chini, na tuta ndilo linalotutenganisha. Kila mwenye shamba ana kipande chake cha tuta cha kutunza, na jirani yetu Lubbert alikuwa na kipande kibaya kuliko vyote, pale kwenye mpindo, ambapo maji hayapiti tu, yanapiga. Kila mwaka alikijaza udongo, na kila mwaka kikaporomoka. Mwaka huo, baada ya mavuno, alikata tamaa. Alichomeka sepetu yake juu ya tuta mbele ya mashahidi, akamshika mkono mkewe Nenne, wakaondoka na nguo walizovaa, kwenda kuishi kwa mama yake Nenne kule kwenye nchi ya mchanga, juu, maji yasikofika.

Ndiyo sheria yetu hiyo. Aliyeshindwa na tuta anaacha sepetu na anaacha kila kitu. Atakayeing'oa hiyo sepetu amechukua kila kitu: shamba, nyumba, na kipande cha tuta pamoja na maji yake. Kwa hiyo watu walipita mbali na sepetu ya Lubbert kana kwamba ni mbwa asiyefungwa. Padri alitangaza habari zake kanisani, Jumapili baada ya Jumapili. Bwana Zweder alikuwepo. Alikuwa kwenye benchi lake la mbele, juu ya mto wake mwekundu wa kukalia, amelala fofofo. Bibi Heilwich alimkanyaga mguu. Akasema "Amina" kwa sauti kubwa, akaendelea kulala.

Basi siku moja ya mvua alikuwa anatoka kwa Herbaren, walikokuwa wakigombania mapanga ya kinu, akapanda juu ya tuta kukwepa matope ya barabarani. Akateleza, na buti la kushoto likazama hadi gotini. Alivuta, wapi. Alitukana watakatifu wawili watatu. Ndipo akaiona sepetu, imesimama wima karibu naye, na akilini mwake akasema kibarua fulani mzembe ameisahau. Akaing'oa, akachimba, akalitoa buti, akaiweka sepetu begani na kuja kijijini akipiga mluzi. Alinieleza baadaye kwamba alifurahi sana. Sepetu nzuri, na ya bure.

Nilikuwa langoni nalisha bata bukini. Mke wa mhunzi alikuwa nami, maana yule mama hakosekani penye mlango wa mtu.

"Bwana," akasema, macho yamemtoka, "hiyo sepetu umeitoa wapi?"

"Nimeiokota tutani. Watu wa siku hizi hawatunzi vyombo."

Mke wa mhunzi aliketi chini palepale, kwenye tope, akaanza kucheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. "Hongera, Bwana," akasema alipopata pumzi. "Hongera kwa shamba jipya! Hongera kwa mpindo!"

Bibi Heilwich alitoka nje na sindano bado mkononi. Alitazama sepetu. Alimtazama mumewe.

"Zweder. Niambie hukuing'oa tutani."

"Nimeing'oa, kwani nini? Ilikuwa imesimama tu."

"Ni ya Lubbert! Padri ametangaza mpaka amekauka koo! Irudishe!"

Ndipo ikamwingia. Uso ulimpauka kama maziwa yaliyotolewa siagi. Akageuka, akakimbia kurudi tutani, mimi nyuma yake, mke wa mhunzi nyuma yangu, na nyuma ya huyo nusu ya kijiji, kwa sababu mtukufu akikimbia watu hawaulizi kwanza. Alifika kwenye mpindo, akainyanyua sepetu kwa mikono miwili ili aichomeke ilipokuwa.

"Ichomeke tu, Bwana," akasema mke wa mhunzi kwa upole wa kuudhi. "Lakini kumbuka sasa ni yako. Ukiichomeka, umeacha kila kilicho nyuma ya tuta. Na nyumba ya babu. Na mimi hapa mkono unaniwasha."

Bwana alibaki ameishika sepetu hewani. Hakuweza kuichomeka, na hakuweza kuitupa. Mvua inamnyeshea, watu wanashika mbavu. Akarudi nayo nyumbani ameikumbatia kwa kuilaza, kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake, akailaza chini jikoni kwangu na kuniamuru nisiisimamishe kamwe, hata kwa kufagia. Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikakumbuka kwamba mimi pia nalala nyuma ya tuta hilo, na kicheko kikanikauka.

Padri hakutaka kusikia habari za buti. "Uliing'oa au hukuing'oa?" aliuliza, na hiyo ndiyo ilikuwa kesi nzima.

Herbaren alikuja kutupongeza. Yeye alikaa juu ya kilima cha mchanga, mahali ambapo hata mvua ikinyesha wiki nzima unaweza kuvaa viatu vya kitambaa, na alikuwa mmoja wa wazee wa tuta wanaofuatana na mkuu wa matuta kwenye ukaguzi.

"Ukaguzi ni kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martini, Novemba, binamu," akasema, akijikatia jibini langu bila kuombwa. "Mpindo ukionekana mbovu, utaichomeka sepetu yako mwenyewe, na vyote utaviacha. Nyumba, mashamba, malisho yako mazuri. Wala usihofu vitapotea. Nitakuwa karibu."

"Utakuwa karibu ufanye nini?" Bibi Heilwich akamuuliza.

"Shemeji, sepetu ikisimama peke yake inatia huruma."

Nilitamani kumpiga na mwiko. Badala yake nilimwondolea jibini.

Cha ajabu ni kwamba kwa siku mbili za kwanza Bwana alikuwa na furaha ya siri. Nilimsikia akihesabu vidole, na kulikuwa na kidole kipya. Kisha akaenda kuutazama mpindo. Upande wa mto tuta lilikuwa limemegwa kama mkate ulioliwa na panya, na upande wa ndani palikuwa na ufa mrefu unaotoa maji. Alirudi, akala kidogo, na kesho yake akaanza kugawa utukufu wake.

Watu wa kijijini hawakuweza kumsaidia, kila mmoja alikuwa anahangaika na kipande chake kabla ya ukaguzi. Ikabidi atafute vibarua wa nchi ya mchanga, na vibarua hawali heshima. Haki ya mikunga ikaenda. Nusu ya kinu ikaenda kwa Herbaren, pamoja na mapanga, na Herbaren akaichukua kwa uso wa mtu anayeonja supu akijua nyama inakuja. Bata maji wawili walipewa msimamizi wa vibarua. Walimng'ata siku hiyohiyo, lakini hakuwarudisha. Mwisho Bwana alikwenda njia panda na shoka. Korongo walikuwa wamekwisha kuondoka kwa ajili ya baridi. Aliutazama mti wa kunyongea kwa muda mrefu.

"Bate," akaniita, "toa vitambaa vyako."

Mbao za mwaloni zikapigiliwa kwenye mpindo kuzuia udongo usiteleze, na nasema kweli, ndiyo mara ya kwanza ule mti ulimzuia mtu yeyote kufa.

Mwanzoni Bwana alisimamia kazi akiwa juu ya farasi. Alinyoosha kidole huku na kule, akasema "pale" na "hapana, pale". Mpaka kibarua mmoja akainua kichwa akamwambia, "Mzee, ukishuka huko juu, kuna kikapu hapa hakina mwenyewe." Bwana akashuka. Sijui kama ni hasira au ni hofu ya Mtakatifu Martini, lakini alibeba kikapu, akarudi, akabeba kingine. Jioni ilibidi nimvue koti kama mtoto, mikono haikuinuka.

Halafu udongo ukaisha. Kando ya tuta walikuwa wamechimba mpaka maji yakatokea chini, na bado mpindo ulikuwa na pengo ambalo ng'ombe angeweza kulala. Msimamizi alisimama, akazungusha macho, akayasimamisha kwenye malisho ya mbele ya nyumba yetu.

"Hapana," akasema Bwana, kabla hajaambiwa neno.

Alizunguka malisho yale asubuhi nzima. Alikwenda akakanyaga, akarudi. Alimwuliza Bibi Heilwich kama udongo hauwezi kupatikana kwao, kule kwenye mashamba ya baba yake.

"Kwetu ni mchanga, mume wangu. Utauleta kwa mkokoteni, maji yatauchukua kama unga." Kisha akaweka chini ushonaji wake, jambo ambalo hakuzoea kulifanya. "Sasa chagua. Unataka nyumba isiyo na malisho, au malisho yaliyo chini ya mto?"

Alikata bonge la kwanza mwenyewe. Aligeuza uso pembeni, kama mtu anayechinja mnyama aliyemlea, lakini alikata. Kufikia siku ya pili palikuwa na shimo pana, ya tatu likawa dimbwi, na Bwana wa Rietmeer alikuwa akipanda tuta na kushuka, ardhi yake mgongoni, matope hadi kwenye nyusi.

Siku hiyo ya tatu Lubbert alikuja. Habari zilikuwa zimemfikia kwa mama mkwe. Alisimama juu ya tuta, mikono kwenye mkanda, mwembamba kuliko alivyoondoka. Nilikuwa nimewaletea vibarua supu ya njegere, kwa hiyo nilisikia yote.

"Poleni na kazi, Bwana."

"Kazi unaiona," Bwana akajibu, akihema.

"Udongo mzuri huo."

"Mzuri."

"Naujua. Nilikuja kuuomba." Lubbert hakupaza sauti. "Mwaka juzi nilikuja. Nilitaka wa kuziba ufa tu. Ukasema ng'ombe wako hawapendi mashimo. Mwaka jana nikaja tena. Hukutoka hata nje, ulitikisa kichwa dirishani."

Bwana alikuwa bado na kikapu mgongoni. "Kwa nini hukunishtaki?"

"Kwa nani, Bwana? Binamu yako ndiye mzee wa tuta."

Bwana akapanda na kile kikapu hadi juu, akakimimina, akashuka kuchukua kingine. Jioni nilimpikia mikunga wa mwisho tuliokuwa nao, kwenye siagi, akaisogeza sahani pembeni. Nilijua hapo kwamba ni mgonjwa wa kitu ambacho sina dawa yake. Na mimi, nisifiche, nilimkasirikia. Miaka yote hiyo nilidhani mpindo ulikuwa bahati mbaya ya Lubbert.

Siku ya ukaguzi mvua ilikatika. Mkuu wa matuta, Bwana Gerlach, mtu mnene mwenye fimbo ndefu yenye chuma nchani, alikuja na wazee wake, na kijiji chote kikafuata. Pale kwenye mpindo alichoma fimbo huku, akachoma kule. Alikanyaga kwa kisigino. Herbaren naye alipanda, akaruka-ruka mahali palipokuwa na pengo, tena kwa bidii, mpaka kofia ikamwanguka. Tuta halikutikisika.

"Kipande kimepita," akasema Gerlach.

Nilimshika Bibi Heilwich mkono bila kufikiri, naye akaukaza wangu. Nyumba imepona. Herbaren aliokota kofia yake akaifuta polepole, na sikuwahi kuona kofia ikifutwa kwa uchungu vile.

"Kuna mwenye neno juu ya kipande hiki?" Gerlach akauliza, kama anavyouliza kwa kila kipande, huku tayari anaondoka.

"Mimi ninalo," akasema Bwana Zweder.

"Wewe ndiye mwenye kipande. Kimepita. Nenda ukanywe."

"Lubbert aliniomba udongo wa tuta hili, mara mbili. Nilimnyima." Akanyoosha kidole kwenye dimbwi la malisho. "Ndiyo maana aliondoka. Hakushindwa na maji. Alishindwa na mimi."

Mke wa mhunzi alisogea mbele ili asikie vizuri.

"Binamu, umerukwa na akili?" Herbaren alifoka. "Umeshashinda! Shamba lako, tuta lako! Nani amekuuliza?"

"Huyu bwana ameuliza. Amesema kuna mwenye neno."

Gerlach alisugua shingo yake kwa muda. Hakupenda, ilionekana, maana alikuwa na njaa. "Tuta likiomba udongo hakuna anayeruhusiwa kukataa, awe mtukufu, awe nani," akasema. "Na aliyenyimwa udongo, sepetu yake haihesabiki. Shamba la Lubbert si lako, Zweder. Wala kipande hiki ulichokitengeneza. Vinarudi kwake vilivyo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na faini yako ni kutulisha sisi wote hapa hadi tuseme basi."

Yaani faini yangu mimi. Nilihesabu bata bukini wangu kwa macho, nikaanza kuwaaga.

Sote tulimgeukia Lubbert, tukitegemea atapiga goti au angalau atavua kofia. Lubbert alikuwa ameiva uso, mwekundu kama kiazisukari.

"Tangu mavuno nalala kwa mama mkwe!" akapiga kelele. "Kwenye zizi! Analeta uji baridi na kuniambia binti za wenzake wote wameolewa na wanaume!" Alipojisikia alichosema mbele ya watu, akatukana, akajifuta macho kwa mkono wa shati. Watu walicheka, nami nilikuwa nalia, nalia kabisa, kamasi na yote. Kisha Lubbert akaenda ukingoni, akainama, akagusa udongo. "Na hapa umeshindilia vibaya," akasema. "Patafumuka kabla ya Krismasi."

"Wapi?"

"Hapa. Njoo uone. Si kwa kisigino, Bwana, kwa mguu mzima."

Wakaanza kushindilia, mtukufu na jirani yake, bega kwa bega, wakigombana kuhusu miguu. Wazee wa tuta walishuka kwenda kwangu kula, Herbaren wa kwanza kati yao. Nenne, mke wa Lubbert, aliyekuja naye kwa ukaguzi, alikuwa amekwisha kutupita sote bila kumsalimu mtu, amefungua nyumba yake, na punde moshi ukaanza kutoka paani.

Nilikuwa nimebaki nyuma kukusanya vikapu. Bwana alisimama akapumua, mikono kiunoni, akautazama ule moshi.

"Bate, unaiona ile nyumba?"

"Naiona, Bwana."

"Si yangu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeng'olewa jino lililomsumbua miaka.